Jirani amesogeza mpaka wa shamba la marehemu baba: tuanzie wapi?

SWALI: Baba yetu alifariki mwaka 2016 akatuachia shamba katika kijiji kimoja wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Alikuwa na karatasi ya kijiji ya mwaka 1994 inayosema shamba ni ekari tano. Mama bado analima sehemu yake, sisi watoto wanne tumetawanyika mijini. Miaka mitatu iliyopita jirani aling'oa mstari wa mikonge uliokuwa mpaka tangu tukiwa wadogo, akaingia kwetu kiasi cha hatua 12 kwa urefu wote wa shamba, ambao ni kama hatua 150, akapanda milingoti (mikaratusi). Njia ya kuteremka kijitoni nayo ameiziba. Tulipomuuliza alisema baba alimpa sehemu hiyo kwa mdomo. Baadaye akaleta kijana mwenye GPS, akapima eneo lililobaki kwetu na kupata ekari tano na nusu na ushee, kisha akasema kwamba hata sasa tunazo nyingi kuliko zilizoandikwa. Mdogo wangu wa kiume anataka twende tukaikate ile miti. Shemeji anasema tumshtaki jirani polisi kwa kuingia kwa jinai. Mwenyekiti wa kijiji anataka tutoe posho ya wajumbe waje kupima. Tufanye lipi kwanza? — Dada mkubwa wa familia, Morogoro

JIBU:

Dada yangu, pole kwa usumbufu huu. Nianze na mdogo wako, maana shauri lake ndilo linaloweza kuharibu mengine yote. Miti hiyo isiguswe. Aliyeikata atakuwa ameharibu mali ya mtu mwingine, na hilo linaweza kuwa kosa la jinai hata kama ardhi iliyopandwa miti hiyo ni yenu, kwa sababu suala la ardhi bado halijaamuliwa na chombo chenye mamlaka. Leo ninyi ni walalamikaji. Siku panga litakapopita kwenye milingoti, jirani ndiye atakayekuwa mlalamikaji, nanyi mtatumia fedha za kudai mpaka kumtolea mdogo wenu dhamana. Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau: milingoti hiyo ni ushahidi wenu. Umri wake unaonyesha jirani aliingia lini, na mtu anayesema alipewa ardhi na mzee aliyefariki mwaka 2016 atatakiwa aeleze kwa nini hakupanda hata mche mmoja mzee akiwa hai.

Shauri la shemeji nalo liwekwe kando. Mahakama Kuu ya Tanzania imekwishaeleza, katika uamuzi wa mwaka 1992 ambao hunukuliwa mara nyingi, kwamba shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale ambapo umiliki wa ardhi inayohusika unabishaniwa na haujaamuliwa kwa kesi ya madai. Polisi wakimkamata jirani yenu, atajitetea kwa neno moja tu, kwamba pale ni kwake, na kesi itaanguka. Atarudi kijijini akitangaza kuwa ameshinda, na wanakijiji, ambao hawana haja ya kutofautisha jinai na madai, watamwamini. Polisi waitwe kama kuna vitisho, kipigo au uharibifu wa mazao ya mama, si kwa ajili ya kutafuta mpaka.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kuwa ndilo la kwanza: nani kati yenu ana haki ya kudai? Shamba bado ni la marehemu. Mtoto wa marehemu, hata akiwa mkubwa wa wote na hata akiwa na karatasi zote mkononi, hawezi kufungua shauri la kudai ardhi ya baba yake kwa jina lake mwenyewe kwa sababu tu ni mtoto; anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mashauri mengi ya mipaka ya vijijini huishia hapo. Familia inakwenda kwenye baraza la ardhi na mashahidi wazuri na mpaka unaoonekana kwa macho, kisha baada ya miaka miwili shauri linafutwa kwa kuwa aliyelifungua hakuwa na mamlaka hayo, na kila kitu kinaanza upya wakati wazee waliokuwa mashahidi wamekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo kaeni kikao cha ukoo, mama akiwemo, mchague mtu mmoja na kuandika muhtasari wenye sahihi za wote waliohudhuria. Mkiwa na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo, pelekeni maombi ya mirathi katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Mahakama hiyo hushughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama baba aliacha wosia, au kama maisha yake hayakufuata mila, ulizeni kwanza kwa karani au kwa wakili ili msije mkaanzia mlango usio wenu. Ushauri wangu ni kwamba msimamizi awe mtu anayeweza kufika kijijini mara kwa mara, si lazima awe mkubwa kwa kuzaliwa. Mama naye asichukuliwe kama mgeni katika jambo hili: kama shamba lilipatikana ndani ya ndoa na yeye akalima humo miaka yote, ana haki yake mwenyewe mbali na urithi, na neno lake juu ya mpaka ni zito kuliko la mtoto aliyeondoka kijijini akiwa na miaka 18.

Msichelewe. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na pale ambapo marehemu alikuwa akiimiliki ardhi hadi siku ya kifo chake, muda huanza kuhesabiwa siku hiyo, si siku ambayo msimamizi aliteuliwa wala siku ambayo familia iliamua kuacha kuvumilia. Wako wanasheria watakaobishana kwamba kwenu uhesabiwe tangu jirani alipoingia, lakini mtu mwangalifu hachagui hesabu inayompendeza. Fanyeni kana kwamba mlango unafungwa mwaka 2028, katika tarehe aliyofariki baba. Wala muda huo hausimami kwa sababu tu mko kwenye vikao vya kupatanishwa.

Hoja ya ekari ndiyo iliyonifanya nilichague swali lako, kwa kuwa nimeisikia katika sura nyingi na kila mara inawatisha watu bure. Mwaka 1994 ekari za kijijini hazikupimwa kwa GPS. Zilipimwa kwa miguu, na desturi iliyozoeleka karibu nchi nzima ni kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Ukichukua hatua moja kuwa mita moja, ekari ya hatua ni mita za mraba 4,900, wakati ekari inayotambuliwa na wapimaji ni kama mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ekari tano za karatasi ya baba yenu, zikiwa zilipimwa kwa hatua, ni takribani mita za mraba 24,500, ambazo kwa kipimo cha GPS ni kama ekari sita. Ondoa sasa sehemu iliyochukuliwa, hatua 12 kwa 150, yaani mita za mraba 1,800, utabaki na 22,700, ambazo ni ekari tano na nusu na ushee. Kijana wa GPS hakukosea, na bila kujua amewasaidia: kipimo chake kinakwenda sambamba kabisa na maelezo yenu kwamba shamba lilikuwa ekari tano za hatua na kwamba kipande cha ukubwa huo kimeondoka. Mwombeni jirani, kwa heshima, nakala ya vipimo hivyo. Hata hivyo msiegemee hesabu peke yake, kwa kuwa hatua za mtu mrefu si sawa na za mfupi. Katika ugomvi wa mpaka, alama zilizopo ardhini na mashahidi wa alama hizo hutangulia, idadi ya ekari iliyoandikwa hufuata nyuma.

Ndiyo maana mikonge ina thamani kubwa hapa. Mkonge uking'olewa mara nyingi huacha vipande vya mizizi ardhini, na humo hutokea machipukizi mwaka baada ya mwaka, hata katikati ya miti iliyopandwa juu yake. Nendeni mkaangalie bila kuingia kwa fujo, ikiwezekana pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na kama kuna machipukizi yaliyopangika kwenye mstari, yapigeni picha zenye tarehe huku kitu kisichohama kama jabali au kona ya nyumba kikionekana ndani ya picha. Msichimbe wala msipande mikonge mipya, maana alama mliyoiweka wenyewe baada ya ugomvi kuanza itawaharibia hata ile ya kweli. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma, ambazo Google Earth huziweka wazi, huenda zikaonyesha mstari huo ulivyokuwa kabla haujang'olewa. Mkiziona, mwombeni mtu anayezielewa azitoe na awe tayari kuja kuzieleza mbele ya baraza.

Kisha watafuteni mashahidi, na hapa nina upendeleo ambao siufichi: shahidi mmoja wa mpakani asiye ndugu yenu ni bora kuliko wajomba wanne. Anza na majirani wa pande nyingine tatu, ambao wanajua mpaka wao na wenu. Mtafute aliyewahi kulimia baba yenu kibarua kando ya mikonge ile, na mjumbe yeyote aliye hai kati ya waliosaini karatasi ya 1994. Waulizeni wanachokumbuka na mkiandike kwa maneno yao. Msiwafundishe la kusema. Mashahidi watano wakitaja kwa pamoja hatua 12, wakati mnaona dhahiri kwamba hakuna kati yao aliyewahi kupima, mwenyekiti wa baraza atajua kwamba walikalishwa sehemu moja.

Kuhusu madai kwamba baba alimpa kwa mdomo, kanuni ni kwamba anayedai ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Jirani aulizwe alipewa mwaka gani, mbele ya nani, nani alipima, na kama mama yenu alijua. Akibadili maelezo na kusema alinunua, aonyeshe hati ya mauziano na idhini ya Halmashauri ya Kijiji, kwa kuwa Mahakama ya Rufani imekwishatamka kwamba uuzaji wa ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Lakini kuweni waaminifu ninyi kwa ninyi pia. Muulizeni mama faraghani, kabla ya hatua yoyote, kama mzee aliwahi kumruhusu jirani kulima pale hata kwa msimu mmoja. Kama aliwahi, ni heri mlijue sasa: ruhusa ya kulima si zawadi ya ardhi, na ikielezwa hivyo mapema haina madhara, ila ikifichwa na kuibuliwa na upande wa pili mbele ya baraza, itawafanya muonekane waongo katika kila jambo.

Karatasi yenu isiyo hati isiwatie hofu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, haki ya kumiliki ardhi kimila ina hadhi sawa na haki ya kumiliki iliyotolewa na Serikali, na haki hiyo ipo hata kabla ya kuandikiwa hati. Hati ya hakimiliki ya kimila huithibitisha, haiizai. Kwa sababu hiyohiyo, ulizeni kwa mtendaji wa kijiji kama jirani ameomba hati kwa eneo linaloingia kwenu. Kama ameomba, pelekeni pingamizi kwa maandishi mara moja na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Baada ya hayo ndipo mzungumze naye, na mzungumze kweli. Tumeni mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, asiye na maslahi katika shamba. Ikishindikana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo ni chombo cha usuluhishi chenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Baraza hilo halina nguvu ya kumwamuru mtu aondoke, na hakuna anayelazimika kukubali maoni yake, ila lina kitu ambacho wilaya haina: wajumbe wanaijua mikonge ile. Kuhusu posho, sikushauri utoe fedha mkononi kwa mwenyekiti wala kwa mjumbe yeyote. Ukiambiwa kuna gharama halali, omba iandikwe na ulipe kwa stakabadhi ya kijiji, jirani naye akijulishwa. Fedha isiyo na stakabadhi itakuja kuitwa rushwa siku wajumbe watakapokuwa mashahidi wenu. Tena kipimo cha wajumbe si upimaji. Kama mnahitaji ramani, mwandikieni afisa ardhi wa wilaya.

Usuluhishi wa kijiji ukikwama, hatua inayofuata ni Baraza la Kata, na hapa watu wengi wanakwenda na habari za zamani. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliondoa mamlaka hayo. Siku hizi linapatanisha tu. Hata hivyo hamwezi kuliruka, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri la ardhi bila uthibitisho kwamba Baraza la Kata limeshindwa kuwapatanisha. Kata ikikaa siku 30 bila kufanikisha suluhu, sheria inawaruhusu kwenda wilayani bila uthibitisho huo, na hivyo hakikisheni barua yenu ya malalamiko inagongwa muhuri wenye tarehe siku inapopokelewa. Atakayepeleka barua awe msimamizi wa mirathi, na aseme wazi kwamba analalamika kwa niaba ya mirathi.

Baraza la wilaya lina uwezo wa kusikiliza madai ya kurejeshewa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, kwa hiyo lenu limo. Katika maombi yenu elezeni mahali eneo lilipo bila kuacha shaka: kitongoji, kijiji, kata, majirani wa pande nne, na ukubwa wa kipande kinachogombaniwa, yaani hicho cha hatua 12 kwa 150, si shamba zima. Maombi yanayosema tu "shamba letu lililopo kijijini" hufutwa. Kama jirani anaendelea kupanda au ameanza kuuza miti, ombeni pamoja na hayo zuio la muda, likiambatana na hati ya kiapo inayoeleza hasara mtakayopata. Baadaye liombeni baraza litembelee eneo, kwa maana dakika chache za kutazama machipukizi ya mkonge zinaweza kusema zaidi ya siku nzima ya maneno. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ambaye hana uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawa wapo katika wilaya nyingi na hawatozi ada.

Kuna kosa moja la kiufundi la kuepuka, nalo ni kumuunganisha kila mtu. Kwa hasira mtatamani kuishtaki na Halmashauri ya Kijiji kwa kunyamaza. Mkifanya hivyo, mtatakiwa kutoa ilani ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kulipeleka shauri Mahakama Kuu, kwa ugomvi wa ardhi isiyofika nusu ekari. Viongozi wa kijiji wanawafaa zaidi wakiwa mashahidi.

Iwapo katika hatua yoyote jirani atalegea, mimi ningekubali suluhu isiyo kamili. Milingoti ya miaka mitatu bado haijafaa kwa nguzo wala mbao, na kumlazimisha aing'oe leo ni kumtia hasara ambayo ataikumbuka kila akipita mlangoni kwa mama yenu, anayeishi naye jirani kila siku wakati ninyi mko Morogoro na kwingineko. Mnaweza kumwachia aivune kwa mwaka mtakaoutaja, asipande tena wala kuacha visiki vichipue, na kwa upande wake akiri kwa maandishi kwamba ardhi ni ya mirathi ya baba yenu na kwamba mpaka ni mstari wa mikonge. Kukiri huko kwa maandishi kuna faida ya pili: muda wa ukomo unaanza kuhesabiwa upya. Makubaliano hayo yachorewe ramani ya mkono, yasainiwe na mashahidi wa pande zote mbili na mtendaji wa kijiji, mikonge ipandwe upya mbele ya watu wote siku hiyohiyo, na bila kukawia muombe hati ya kimila wakati jirani bado yuko tayari kusaini fomu za mpaka. Kama shauri lilikuwa limekwisha kufunguliwa wilayani, yawasilisheni makubaliano huko ili yawe amri ya baraza.

Imebaki njia ya kijitoni. Msiichanganye na dai la mpaka, kwa sababu njia inayotumiwa na kaya nyingi ni suala la kijiji kizima, na walioathirika ni wengi kuliko ninyi. Andikeni barua moja kwa Halmashauri ya Kijiji mkiwa na sahihi za kaya nyingine zinazoteka maji huko, mkiomba njia ifunguliwe na suala hilo liingizwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na kama milingoti imefika kwenye ukingo wa kijito, litajeni hilo katika barua, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye kingo za mito. Nakala ipelekwe kwa afisa mazingira wa wilaya.